Swali la Sita kwa Kijerumani

Mimi ni mfasiri wa Kijerumani na Kiingereza, niliyeapishwa mahakamani. Kwa miaka thelathini na moja muhuri wangu umegongwa kwenye vyeti vya ndoa, hukumu za talaka, mikataba ya mitambo ya kukamulia ng'ombe, na vile vikaratasi vinavyokunjwa mara nane ndani ya paketi za dawa. Sijawahi kurudishiwa kazi. Muulize mtu yeyote wa fani hii hapa mjini kwetu Osnabrück, atakwambia kwamba Wiebke Ogden akisema neno hili ndilo, basi ndilo. Mimi nani hata nimpinge?

Mwezi wa Januari alinipigia simu Dakta Annegret Lüssmann, daktari wa magonjwa ya akili katika hospitali ya mji wa jirani. Yeye na wenzake walikuwa na dodoso la maswali kumi na nane la kupimia sonona. Kila swali linaeleza hali fulani, na mgonjwa anasema imempata mara ngapi katika wiki mbili zilizopita: sifuri kama haijampata kabisa, hadi tatu kama ni karibu kila siku. Unajumlisha. Akifikisha kumi na tano, anatafutwa daktari siku hiyo hiyo. Dodoso lilitungwa kwa Kijerumani na limefanya kazi miaka mingi. Sasa walilitaka kwa Kiingereza, kwa ajili ya Waingereza, Wanigeria, Wahindi na wengineo wanaoishi kwetu, na kampuni moja ya tafsiri ilikuwa imekwisha kulitafsiri.

"Tutawapa watu themanini wanaojua lugha zote mbili," Dakta Lüssmann akasema. "Mtu anajibu kwa lugha moja, wiki mbili baadaye anajibu kwa nyingine. Kama tafsiri ni nzuri, alama zitalingana."

"Na kama ni mbovu?"

"Ndiyo maana nimekupigia wewe kwanza."

Niliipenda sauti yake. Nikakubali.

Kuikagua tafsiri yenyewe nilimaliza kwa mchana mmoja. Swali la tatu lilimwuliza mgonjwa kama amepoteza ladha, utadhani mchuzi umekosa chumvi. La kumi na moja lilikuwa limeandikwa kwa Kiingereza cha barua ya ofisi ya kodi. La kwanza, linalohusu moyo kulemewa, lilikuwa limefupishwa mno likabaki "nina huzuni" tu, nami nikaliongezea nyama. Makosa saba, yote nikayanyoosha. Swali la sita nililipitisha. Kijerumani chake kinasema mtu hana msukumo, ule wa ndani unaomwondoa kitini. Kiingereza cha kampuni kilisema amechoka, hana nguvu. Nikaona yale yale, nikatia alama ya vema. Nalisema mapema, isije ikaonekana nimelificha.

Kilichobaki kilikuwa sikio la mtu aliyezaliwa na Kiingereza, na sikio hilo ninalo nyumbani. Mume wangu Clifford ni mtu wa Barnsley, kaskazini mwa Uingereza. Alikuja kwetu akiwa askari fundi wa magari ya jeshi, enzi zile Waingereza wamejaa mjini, akanikuta kwenye foleni ya duka la mikate, akaagiza kwa Kijerumani kibovu kiasi kwamba muuzaji alimpa keki ya harusi ya mtu mwingine. Wenzake waliporudi kwao yeye akabaki, akafanya kazi gereji miaka ishirini na saba. Sasa ana miaka sitini na sita, amestaafu mwaka juzi.

Nikamwekea karatasi mezani pamoja na chai yake ya maziwa.

"Ni mtihani?" akauliza.

"Si mtihani. Nisomee kama Kiingereza hiki kinasemeka, halafu jibu kweli kweli, nipime dakika."

Alimaliza kwa dakika nne. Kiingereza akakikubali, isipokuwa swali la kumi na tatu, ambalo alisema hakuna mtu wa kwao ambaye angelitamka bila kupigwa na kiatu. Nikajumlisha alama: mbili. Zote mbili za usingizi.

"Mbili kati ya hamsini na nne!" akasema, akajipigapiga kifuani. "Nitundikie cheti ukutani. Wewe ungepata ngapi, bibie?"

"Mimi si mgonjwa."

"Ndivyo wasemavyo wote."

Tukacheka, nikaosha vikombe.

Wiki mbili baadaye Dakta Lüssmann akataka kujua na dodoso la Kijerumani linachukua dakika ngapi kwa mtu wa lugha mbili. Nikamwekea Clifford karatasi tena, nikaenda kuchemsha sukuma wiki. Wakati wa baridi kwetu hupikwa na soseji kwa muda mrefu hadi nyumba nzima inanuka. Safari hii alichukua dakika kumi na moja. Nilidhani ni kwa sababu Kijerumani chake ni cha gereji: anajua jina la kila nati, lakini akiandika barua kwa mwenye nyumba lazima niipige pasi mimi.

Nikajumlisha nimesimama, mwiko mkononi. Ishirini na tatu.

Nikajumlisha tena. Ishirini na tatu.

"Cliff, umekosea," nikamwambia. "Umegeuza safu. Sifuri iko kushoto."

"Sijageuza kitu."

"Umepata ishirini na tatu!"

"Basi ni ishirini na tatu."

"Wiki mbili zilizopita umepata mbili!"

"Yale yalikuwa maswali mengine."

"Ni maswali yale yale! Mimi ndiye niliyeyasahihisha!"

Akaniangalia kama anavyomwangalia mteja anayemwambia kwamba mlio ule hautoki kwenye breki. "Mama, mimi nimejibu nilichoulizwa. Ukiuliza lingine, nakujibu lingine."

Nikauzima moto, nikavuta kiti, nikaweka karatasi mbili ubavu kwa ubavu. Swali la mwisho kabisa, lile la kutotaka kuishi, nililitazama kabla ya mengine yote. Alikuwa ametia sifuri kwenye karatasi zote mbili. Hata hivyo nikamwuliza kwa mdomo, kwa lugha zote mbili, bila kumung'unya.

"Hapana," akasema. "Hilo hapana. Ningekwambia."

"Kweli?"

"Kweli, Wiebke."

Aniitapo kwa jina langu namwamini. Nikapumua, nikarudi mwanzo.

"Swali la kwanza. Kiingereza sifuri, Kijerumani mbili. Kwa nini?"

"Kiingereza kinazunguka mbali, mwisho wake kinaniuliza kama nina huzuni. Huzuni ya nini? Nani amekufa? Kijerumani kinaniuliza kama ninajisikia mtu aliyepigwa akalazwa chini. Ehee. Hilo nalijua."

"La tisa. Kama unafurahia mambo uliyokuwa ukiyafurahia."

"Mwingereza akikuuliza kama unafurahia, unamjibu ndiyo, asante. Ni adabu tu hiyo, haina maana yoyote. Hata bibi yangu alipokatwa mguu, jirani alimwuliza hali, akajibu si vibaya."

"Si vibaya," nikarudia. Ndilo jibu analonipa mimi kila asubuhi, kwa Kiingereza chake, tangu tuoane. Na mimi, mfasiri wa mahakama, kila asubuhi nimelipokea kama lilivyo.

"La sita," nikasema, na sauti yangu haikuwa tena ya mwalimu. "Kiingereza sifuri. Kijerumani tatu. Karibu kila siku."

Akaikamata penseli, akaanza kuizungusha.

"Kiingereza chenu kinaniuliza kama nimechoka. Sijachoka. Nitachoshwa na nini? Nakaa tu. Nguvu ninazo, ukitaka nikuhamishie kabati hilo sasa hivi nakuhamishia. Lakini hili la Kijerumani..." Akaweka kidole juu ya neno lenyewe. "Hili ni neno letu la kazi, la gereji. Ni ule mtambo unaopeleka nguvu kutoka kwenye injini mpaka kwenye magurudumu. Sasa sikiliza. Mteja analeta gari. Injini inanguruma vizuri, mafuta yamo, betri nzima, plagi safi kabisa. Unaingiza gia, unaachia klachi, unakanyaga. Gari halisogei. Linapiga kelele tu hapo hapo lilipo." Akairudisha penseli mezani. "Ndiyo mimi huyo. Toka msimu wa majani kuanguka."

Neno hilo nimeliandika mara elfu. Limo katika kila mkataba wa mitambo uliopita mikononi mwangu. Nilijua kwamba madaktari nao wanalitumia kwa watu, lakini sikuwahi kuyakutanisha mawili hayo kichwani, wala sikujua kwamba mume wangu anaishi katikati yake.

Mambo yakaanza kujipanga yenyewe. Pikipiki yake ya zamani ilikuwa imefunguliwa vipande toka Oktoba, vipande vimefunikwa shuka, na mimi nilisema anasubiri spea. Kibustani chetu cha nje ya mji hakikulimwa, nikasema mvua. Jumapili alikuwa akikaa na koti mwilini, viatu miguuni, tayari kwa matembezi, saa nzima, kisha anavua. Nikasema uzee. Kwa kila jambo nilikuwa na tafsiri, tena nzuri, yenye sarufi safi.

"Kwa nini hukuniambia?" nikauliza.

"Ningekwambiaje? Sikuwa na neno lake. Nimelikuta hapo leo kwenye karatasi yako." Kisha akaongeza, "Na usinitazame hivyo. Sijafa. Hiyo sukuma inaliwa au ni pambo?"

Tukala. Nililia kidogo kwenye sahani, naye akanisogezea haradali kana kwamba ndiyo niliyokuwa nikiililia.

Dodoso linasema siku hiyo hiyo, na mimi nafuata maandishi. Kabla ya saa kumi nilikuwa nimempigia Dakta Holtgreve, daktari wetu wa familia, akatupa nafasi kesho yake asubuhi. Clifford alikubali kwa sharti moja, akalitoa tukiwa tayari kwenye ngazi za zahanati.

"Usiingie."

"Cliff, Kijerumani chako..."

"Kijerumani changu kinanitosha. Wewe ukiingia utanitafsiria, na ukinitafsiria nitatoka vizuri mno. Nitapendeza. Yule bwana atanipa vitamini."

Sijawahi kukatazwa mlango wa kazi yangu. Nilikaa chumba cha kungojea dakika arobaini nikisoma bango la chanjo ya mafua, nikalikuta na kosa la kisarufi, na kwa mara ya kwanza maishani kosa la mtu halikunipa raha. Alipotoka alikuwa ameshika karatasi mbili, moja ya dawa na moja ya kumpeleka kwa mtaalamu wa tiba ya mazungumzo.

"Kasemaje?"

"Kaniuliza hali. Nikamwambia si vibaya. Akanyamaza." Akavaa kofia. "Wee, yule mtu anajua kunyamaza! Akanyamaza mpaka nikaona aibu. Ikabidi nimwambie ya gari."

Jumatatu nikaenda kwa Dakta Lüssmann. Mwanamke yule ana umri wangu, ana nywele fupi za mvi na tabia ya kusikiliza huku ameshika kalamu bila kuandika. Pamoja naye alikuwepo Jannik Bröcker, mtaalamu wao wa takwimu, kijana wa kama miaka thelathini na mbili, shati limepigwa pasi hadi linang'aa. Niliwaeleza kwamba swali la sita nililipitisha mimi mwenyewe na kwamba nilikosea. Kwa idhini ya Clifford nikawaonyesha karatasi zake.

"Bi Ogden," Jannik akasema kwa upole, "mtu mmoja si takwimu."

"Sijasema ni takwimu. Nimesema ni Mwingereza."

Dakta Lüssmann alikohoa ili asicheke.

"Huenda hali yake ilibadilika katika wiki zile mbili," Jannik akaendelea. "Huenda siku ile aliamka vibaya. Huenda kwa Kijerumani anajua kwamba anapimwa na wewe."

"Huenda. Kwa hiyo pima. Watu themanini unao, au huna?"

"Ninao, lakini nikiongeza swali la kumi na tisa hesabu zote zinavurugika."

"Nani kasema uongeze? Wagawe. Arobaini wapate la sita kama lilivyo, arobaini wapate la kwangu. Kama mimi ni mwongo, hesabu zako zitaniumbua, na nitaweka sahihi chini yake."

Jannik akamtazama Dakta Lüssmann. Dakta Lüssmann akamtazama yeye. "Wagawe," akasema.

Sasa ikabidi niliandike hilo la kwangu, na nyumbani haikuwa kazi ndogo. Clifford alitaka gari liingie lote, na klachi yake.

"Nusu ya watu hao hawajawahi kufungua boneti," nikamwambia.

"Basi ndiyo maana wanaumwa."

"Cliff!"

"Haya, haya. Andika kwamba mtu anajua la kufanya."

"Anajua la kufanya, kisha?"

"Kisha hafanyi."

"Huyo ni mvivu."

"Si mvivu. Mvivu anastarehe." Akafikiri, macho dirishani. Dawa alikuwa ameanza siku tano tu, na midomo ilikuwa imemkauka. "Anajua la kufanya, analitaka, ila hawezi kujiwasha."

Nikaandika, nikafuta, nikabadilisha kitenzi mara sita. Mwisho likawa: najua la kufanya, ila siwezi kujianzisha. Nikamsomea kwa sauti. Akaitikia kwa kichwa, akaondoka jikoni, nikasikia anapuliza pua chooni.

Majibu yalikuja mwezi wa Mei. Jannik alinipigia mwenyewe, jambo nililolihesabu kwa upande wake kuwa uungwana. Wale arobaini waliopewa swali la zamani walikuwa wamejipa kwenye swali hilo alama ndogo kwa Kiingereza na kubwa kwa Kijerumani, hasa wanaume wenye zaidi ya miaka hamsini. Wale wa swali langu, alama zilifuatana kwa lugha zote mbili. Wanaume wanne walivuka kumi na tano kwa dodoso jipya la Kiingereza na kwa lile la Kijerumani pia. Bila alama za swali langu watatu kati yao wangebaki chini ya mstari, wakarudi nyumbani na kusema si vibaya. Wote wanne walikuwa wamekwisha kupigiwa simu.

"Ulikuwa sahihi," akasema.

"Najua. Lakini rudia, laini ilikuwa na mikwaruzo."

Akarudia. Kisha akasema, na niliisikia raha kwenye sauti yake, "Ila swali la kwanza, Bi Ogden, lile uliloliongezea nyama. Hilo limeshindwa vibaya kabisa. Kwa Kiingereza watu hawakuelewa linauliza nini. Watatu wameandika pembeni alama ya kuuliza. Mmoja ameandika: mnaniuliza au mnanihubiria?"

Miaka thelathini na moja, na kazi ya kwanza kurudishwa ilirudishwa na kijana wa shati la pasi.

"Niletee," nikamwambia. "Na nitakuja na Mwingereza wangu."

Clifford hakupona kama redio inavyowashwa. Kwa wiki sita dawa hazikumfanyia lolote zaidi ya kukausha mdomo, akataka kuzitupa, Dakta Holtgreve akanyamaza mbele yake tena, akaendelea nazo. Kila Alhamisi anakwenda kwa mtaalamu wa mazungumzo, mama mmoja wa mtaa wa pili. Wanazungumza Kijerumani, ingawa mama huyo Kiingereza anakijua. Nilimwuliza Clifford kwa nini asiongee lugha yake. Akasema kwa lugha yake angekuwa mtu mzuri tu toka dakika ya kwanza hadi ya hamsini, halafu angemshukuru na kumfungulia mlango.

Juni alilima robo ya kibustani. Julai hakulima. Agosti alikwenda Barnsley peke yake kumwona dada yake, akarudi na mafua na hadithi tatu, moja chafu, na akanisimulia zote kabla hajavua koti. Siku hiyo niliipenda sauti ya mlango wa nyumba yangu.

Mimi sasa simwulizi hali asubuhi. Namwuliza namba. Ni mchezo wetu, na kama michezo mingi si mchezo sana. Juzi nilikuwa napaka siagi kwenye mkate, yeye anatafuta miwani iliyo kichwani mwake.

"Ngapi leo, mzee?"

"Moja na nusu."

"Hakuna moja na nusu. Kuna sifuri, moja, mbili, tatu."

"Mimi nina moja na nusu."

"Dodoso halina nafasi yake."

"Basi dodoso lenu bovu," akasema, akaipata miwani. "Mpigie yule kijana umwambie."

Nikafuta mikono, nikampigia.